Makochi Saba Matumbo Nje

Mpwa wangu ni fundi wa makochi, na nasema bila kumung'unya maneno: hakuna mkono kama wake kuanzia stendi mpaka sokoni. Mpelekee kochi ambalo hata paka amelikataa. Atalizunguka mara moja, atalikalia, atafumba macho, kisha atakuambia, "Springi ya tatu kutoka kushoto, mstari wa nyuma. Na kuna kitu kimezama humo ndani, kijiko nadhani." Mnafumua, na kijiko hiki hapa, tena na kichana juu yake. Kipaji hicho kakitoa wapi? Damu! Mama yake ni dada yangu, tumbo moja, ziwa moja. Na siku alipofumua kiti chake cha kwanza, akiwa na miaka tisa, ni mimi niliyemshikia tochi. Fundi bila tochi ni kipofu, kwa hiyo nusu ya sifa zake nazichukua mimi, na sirudishi.

Jina alilopewa kwa kuzaliwa limesahauliwa hata na waliompa. Tangu binti huyu ana miaka minne anaitwa Springi. Ulikuwa ukimweka kitini anakaa muda wa kupiga chafya mbili, halafu unamwona juu ya kabati. Shuleni walimu waliandika kwenye ripoti yake, "Ana akili ila hatulii," darasa la kwanza mpaka la saba, utadhani walichonga mhuri. Akitumwa chumvi anarudi na rafiki mpya, kamba ya viatu, habari za msiba wa mtaa wa pili, na chumvi hana. Dada yangu alikuwa akishika kiuno na kuuliza, "Hivi wewe mtoto, makalio yako yana mbigili?" Naye alikuwa anageuka kweli kujikagua.

Alipokua akaingia karakana ya mama mmoja mtaani kwetu, tunamwita Mama Karakana. Huyo ni mwanamke wa maana. Anaongea na misumari sita mdomoni kama mwingine anavyoongea na pipi, na hajawahi kumeza hata mmoja. Kwake kuna sheria moja: kochi likiingia linafumuliwa, linafungwa mikanda, linapewa springi, sponji, kitambaa, misumari, linatoka. Ndipo liingie lingine. Moja, moja, kama watu wanaojipanga bombani.

Springi akaja na sheria yake. Anafunga mikanda kwenye kochi la kijani, mkanda unamkumbusha kuwa kochi jekundu nalo linataka mkanda, analifumua jekundu. Sponji ya jekundu inamkumbusha la mwalimu mkuu. Ikifika mchana kuna makochi saba yamelazwa chali, matumbo nje, na yeye yuko katikati akitafuta mkasi alioushika.

"Mpwa wangu," nilimwambia siku moja, "mshika mawili, moja humponyoka."

"Ndiyo maana mimi nashika saba, Mjomba. Mawili hayatoshi."

Wateja walikuwa wakija moto. "Kochi langu liko wapi?" Anawaonyesha tumbo. Wanafoka, wanaondoka, na siku wanapolipata hatimaye wanalikalia na kusahau kwa nini walifoka. Kwa kazi nzuri mtu husamehewa mengi, mimi mwenyewe ni shahidi.

Lakini mvua za mwaka jana zilipoanza, binti akaanza kuchelewa. Kisha akawa hafiki kabisa. Nikaenda kumwona kwa mama yake, chumba cha nyuma chenye pazia la bluu. Alikuwa amelala kauelekea ukuta. Nguo safi zilikuwa zimerundikwa kitini bila kukunjwa, na uji ulikuwa umeganda ngozi juu. Hakuwa akilia. Ningemkuta analia ningejua pa kuanzia.

Nikamtolea kichekesho changu cha jamaa na kinyozi, ambacho kiliwahi kumfanya fundi viatu ajimwagie gundi mapajani. Nikafika mwisho. Hakugeuka kutoka ukutani. Akasema, "Kizuri, Mjomba."

Kizuri! Kichekesho kikiambiwa ni kizuri, jua kimeshazikwa.

"Anajidekeza," dada alinong'ona jikoni, lakini alikuwa akitia chumvi kwenye sufuria kwa mara ya tatu. "Mtu mzima wa miaka thelathini na moja! Mimi umri huo nilikuwa na watoto watatu na migongo miwili." Migongo miwili sikuielewa, nikaitikia tu.

Wiki ya tatu Mama Karakana alikuja mwenyewe. Akakataa chai, na mtu akikataa chai ujue kabeba jambo.

"Mama mwenzangu," alimwambia dada, "mwanao nampenda, usione nimekuja hivi. Ila kuna fundi mwingine anaililia ile meza ya dirishani. Springi namwekea meza hiyo miezi mitatu. Katika miezi hiyo anitolee kochi moja, moja tu, toka mbao mpaka kitambaa. Akiweza, meza ni yake. Asipoweza, nami nina wateja, nitafanyaje?"

Meza ya dirishani ndiyo yenye mwanga wa kuonea uzi. Springi kafanyia kazi hapo miaka tisa, kaikwaruza jina lake pembeni. Kumtoa pale ni kumtoa samaki majini.

Hapo nikaingia mimi. Nikajiambia, ugonjwa wa mtoto huyu ni fujo. Ondoa fujo, umeondoa ugonjwa. Kwa idhini ya Mama Karakana, nikakodi mkokoteni, nikayahamisha makochi sita kwa mafundi wa mtaa wa nyuma, likabaki moja katikati. Mikasi nikaitundika ukutani kwa urefu, kama watoto wa gwaride. Nikadeki. Karakana ikang'aa ungedhani kuna mtu atapasuliwa. Nilijipenda siku ile, acheni niseme ukweli.

Kesho yake tukamleta Springi, mama yake mkono huu, mimi huu. Akasimama mlangoni.

"Makochi yangu yako wapi?"

"Nimekupunguzia mzigo, mwanangu! Limebaki moja. Hilo humalizi?"

Akakaa chini, palepale mlangoni, kwenye saruji yenye maji ya deki. "Kwa hiyo mmeshanifukuza."

"Nani kakufukuza? Tumekusafishia!"

"Mjomba, yale makochi yalikuwa yananikumbusha kazi. Kichwa changu hakishiki kitu, kwa hiyo kila kitu nakiacha pale ninapokiona. Nikikwama kwenye jekundu, la kijani linaniita. Sasa nikikwama kwenye hili, nakwenda wapi?" Kisha akasema taratibu, kama anaongea na sakafu, "Nimechoka. Siku nyingine natamani nilale tu, nisiamke tena."

Mimi nina jibu la kila kitu, waulizeni jirani. Siku ile nilichofanya ni kuokota tambara la deki. Dada alikuwa ameshafungua mdomo kusema yale ya "usiseme hivyo, unakufuru." Mama Karakana akamwekea mkono begani kumnyamazisha. Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka mezani. Akachuchumaa ndani ya maji.

"Springi, niangalie. Unawaza kujiua?"

Sikuwahi kusikia mtu akiuliza hivyo waziwazi. Nilidhani paa litatuangukia. Halikuanguka. Springi alishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Sijapanga kitu. Nawaza kupotea tu. Nimewaza sana."

"Haya. Tunakwenda hospitali, sasa hivi, na aproni zetu."

Tukaenda wanne. Daktari alikuwa binti mdogo, miwani inamteremka puani, nikamwambia dada, "Huyu si daktari, huyu kamletea baba yake chakula." Alinisikia. Akamwuliza Springi maswali kwa utulivu, mengine magumu kama lile la Mama Karakana, wala hakuuma maneno. Mwisho akasema ni sonona.

"Sonona?" nilisema. "Mimi nilidhani hiyo ni ya watu wenye nyumba za ghorofa."

"Haiulizi nyumba, Mjomba. Ni ugonjwa kama homa ya mapafu. Huwezi kumwambia mtu mwenye homa ya mapafu ajikaze apumue." Akaandika dawa za kila siku, akasema zitachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na kila wiki Springi aje kuzungumza na mshauri. Dawa zikae kwa mama. Asiachwe peke yake kwa sasa. Na akizidiwa, asingoje tarehe, aje siku yoyote.

Tukapangiana zamu. Ya kwangu ilikuwa mchana, na nilikatazwa vichekesho, nikaruhusiwa kukunja nguo. Nikagundua kuwa mimi ni bingwa wa kukunja nguo. Wiki ya tano ya dawa akaniambia, "Mjomba, hilo shati umelikunja kama chapati ya jeshi." Nikatoka nje nikacheza peke yangu uani. Wiki ya sita akacheka hadi kushika mbavu, kwa kile kichekesho cha kinyozi, na mimi nikatangaza mtaa mzima: kapona!

Akarudi kazini. Kochi lake moja likamngoja katikati ya sakafu inayong'aa. Saa nne akawa kalifumua, vizuri sana. Saa sita alikuwa amefumua pia kigoda, kiti cha Mama Karakana mwenyewe, na mkoba wa mteja aliyekuja kuuliza njia tu, eti zipu ilikuwa inalia. Kochi tumbo nje. Wiki mbili zikapita, tumbo nje. Yule fundi mwingine alianza kupita mlangoni mara kwa mara, akiitazama meza ya dirishani kama mtu anayepima pazia.

Ukabaki mwezi mmoja. Springi akarudi nyumbani, akakaa jikoni na mama yake.

"Mama, ile huzuni imeondoka kweli. Lakini ilipoondoka nimejikuta mimi bado ni yuleyule. Mbovu. Sasa dawa ya hilo ni ipi?"

Kesho yake hakutaka kuamka. Dada, safari hii, hakusema habari ya kudeka. Alinipigia simu, "Njoo, tarehe ya daktari haijafika lakini tunakwenda."

Pale hospitali kuna mabenchi marefu yenye mito ya plastiki. Tulikaa, foleni ndefu. Benchi letu likawa linalia kila mtu akijigeuza. Mimi sikusikia kitu. Springi alivumilia kidogo, akapiga magoti, akachungulia chini.

"Mjomba, hebu inuka. Na wewe bibi, samahani, inuka kidogo."

Mgonjwa gani anayebisha akiambiwa ainuke na mtu mwenye sauti ya kazi? Benchi likapinduliwa. Akachomoa bisibisi mfukoni mwake. Ajabu hiyo: asubuhi binti hakutaka kuoga, lakini bisibisi kaja nayo. Kabla halijafungwa, akasikia la pili nalo linalia. Likapinduliwa. La tatu mto ulikuwa umeachia. Watu wote wima, wengine wanamshikia skrubu, babu mmoja anatoa ushauri. Nesi akaita, "Namba kumi na nne!" Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Namba kumi na nne alikuwa chini ya benchi, kichwa hakionekani.

Daktari akatoka mwenyewe. Akayaangalia mabenchi matatu, miguu juu. Akasukuma miwani.

"Springi, ulikuja kufanya nini leo?"

"Kukuona wewe, Daktari. Dakika moja tu." Akayatazama mabenchi, kama kayaona sasa hivi. Machozi yakamjaa. "Unaona? Hivi ndivyo nilivyo. Kila mahali."

"Naona," daktari alisema. "Na mimi nina kosa, ilibidi nione mapema. Funga hizo skrubu kwanza, watu wakae, halafu ingia. Na aingie mtu anayekukumbuka ulivyokuwa mtoto."

Hapo ndipo mdomo wangu, uliosimangwa miaka yote hii, ulipopata heshima yake. Dada alileta ripoti za shule, alizitunza kwenye kopo la biskuti. Mimi nilileta mambo yenyewe. Kabati, chumvi, tochi, siku aliyovaa viatu vya watu wawili tofauti, siku aliyosahau mtihani kwa sababu alikuwa akitengeneza mlango wa chumba cha mtihani. Nikatoka hapo nikaingia kwenye hadithi ya mbuzi wangu, nikarudi, nikakumbuka jambo la kinyozi, nikasimama kuonyesha kwa vitendo, nikamwangushia kalamu. Daktari alikuwa akiandika, halafu akaacha kuandika, akanitazama.

"Na wewe, Mjomba, shule uliishia wapi?"

"Darasa la sita. Niliona linajirudia."

"Siku moja njoo na wewe tuongee," alisema. Dada alicheka mpaka nesi akachungulia. Nikaona nibadilishe mada.

Daktari akatueleza. Jina la tatizo hilo ni herufi nne, ADHD, kama namba ya pikipiki. Ni ubongo unaokosa breki za umakini: jambo linalouvutia unalizamia mpaka husikii jina lako, na jambo lisilouvutia unaliona kama mlima, hata liwe kuosha kikombe. Mtu huzaliwa hivyo. Si kila asiyetulia analo, ndiyo maana aliuliza ya utotoni na kupima mengine. Na mara nyingi haliji peke yake. Huja limeshikana mikono na wasiwasi, au kukosa usingizi, au sonona.

"Sonona tuliiona kwanza kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele," alisema. "Lakini fikirini. Mtu ameitwa mvivu na mzembe miaka ishirini na tano, na anajitahidi mara mbili ya wenzake. Nani hatachoka? Tukitibu moja na kuliacha jingine, tutakuwa tumefagia upande mmoja wa chumba."

Springi alikuwa akikunja na kukunjua ripoti ya darasa la nne. "Kwa hiyo si tabia mbaya?"

"Si tabia mbaya. Wala si ruhusa ya kulala, utafanya kazi kama watu. Ila kwa njia yako, na njia hiyo unaijua wewe kuliko mimi."

Dada alimshika mwanawe kisogo, akakivuta begani kwake. "Yale ya mbigili," alisema, "nisamehe, mwanangu." Springi akasema, "Mama, mbona yalikuwa yanachekesha," na wote wawili wakawa wanalia huku wanacheka, na mimi nikalazimika kuangalia bango la kunawa mikono.

Akapewa dawa nyingine, ya asubuhi, na kila mara apimwe presha. Si muujiza. Alisema ni kama mtu kapunguza sauti ya redio nne, ikabaki moja. Lakini kazi ilikuwa haijaisha, na siku zilibaki kumi na tisa. Akaenda kwa Mama Karakana, mimi nyuma.

"Nataka makochi yangu mawili yarudi. Yawe matatu."

Misumari ilitikisika mdomoni. "Mimi nilisema moja."

"Nipe matatu, nitakumalizia moja. Ukinipa moja, hilo moja sitalimaliza. Saba ni mengi, nakubali, nilikuwa nazama. Moja ni jela. Matatu nayaweza. Kila moja nitalifungia kadi mguuni, nimeandika hatua inayofuata, ili nikirudi nisianze kujiuliza."

Mama Karakana aliipima sakafu tupu kwa macho. "Na nani ataleta hayo mawili?"

Wote wakanigeukia. Sitasimulia nilivyokwenda mtaa wa nyuma kuomba makochi niliyoyatoa kwa madaha, wala maneno niliyoambiwa na wale mafundi. Mtu ana heshima zake. Nilirudi na mkokoteni.

Kulikuwa na sharti la pili. Springi alikuwa ameona, kule kwenye zamu za kukunja nguo, kwamba mtu akikaa karibu naye kimya, kichwa chake hakitangatangi. Mshauri akasema ni kweli, huwasaidia wengi. Basi nikateuliwa: kila siku kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, kigodani, gazeti mkononi, marufuku kusema. Mimi! Siku ya kwanza nilihisi maneno yananipanda kama maji ya mafuriko. Siku ya tatu nikaanza kusoma gazeti kweli, mara ya kwanza tangu nianze kulishika. Siku ya sita nikaona kadi kwenye mguu wa jekundu imebadilishwa: "Springi zimefungwa. Sponji." Siku ya kumi: "Kitambaa. Kata kwa mshono wa kulia." Alikuwa akihama, akirudi, akisoma kadi, akiendelea. La kijani, jekundu, la kahawia, jekundu.

Kulikuwa na siku mbili mbaya. Moja alikuja mchana, macho mazito, akafanya kazi nusu saa tu. Nyingine hakuja, dada akakaa naye, wakamenya viazi. Mama Karakana alizihesabu siku hizo kimyakimya, nami nilimwona anahesabu.

Siku ya kumi na nane, saa tisa alasiri, Springi alipiga msumari wa mwisho chini ya kochi jekundu. Alilisimamisha, akapangusa chaki, akarudi nyuma hatua tatu, mikono kwenye aproni. Nilitaka kupiga yowe lakini bado nilikuwa zamuni.

Mama Karakana akaja. Akapapasa pembe zote nne. Akachungulia mshono. Akaketi. Akajitupa kidogo juu, akatua. Hakuna kilicholia. Akaketi pale kwa muda, akaegemea, mpaka nikadhani kasinzia.

"Yule fundi anayeililia meza," alisema hatimaye, "nitamtengea pale karibu na mlango. Atie balbu."

Springi alikaa ghafla juu ya kigoda changu, na mimi nikiwa bado nimekikalia.

"Sasa sikia," Mama Karakana aliendelea. "Ikitokea siku nzito, usijifiche. Niandikie neno moja. Kunifichia ndiko kunakoniudhi."

Wiki iliyofuata siku nzito ikaja. Nilikuwepo, nimeketi na gazeti langu, simu ya Mama Karakana ilipolia juu ya meza. Akaisoma, akanionyesha. Ujumbe ulisema: "Leo nzito."

Akaandika jibu kwa kidole kimoja, taratibu, misumari mdomoni: "Njoo mchana. Meza ipo."

Saa saba na robo binti aliingia, nywele hazijachanwa, akainama kwenye mguu wa kochi la kijani kusoma kadi.